Ada Inayotangulia

Bwana Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, wazee wetu shikamooni. Akina mama, akina baba na vijana, habari za asubuhi.

Mada tuliyopewa ni huduma za fedha zinazouzwa kwenye simu. Soko lake ni kubwa. Kuna aplikesheni za mikopo, makundi ya kufundishwa kununua na kuuza fedha za kigeni, aplikesheni za kupanga bajeti, washauri wa uwekezaji wa Telegram na WhatsApp, na wale wanaojitangaza kwamba wanasafisha majina ya wadaiwa. Hatukuja kusema wote ni matapeli. Wapo wa halali, na zipo huduma zinazostahili kulipiwa. Tulichokuja kusema ni kwamba ile ada ndogo ya mwanzo, elfu kumi, elfu kumi na tano, ambayo mtu huitoa bila hata kumwuliza mwenzake nyumbani, ndiyo ya kuchunguzwa kuliko malipo mengine yote. Imefanywa ndogo makusudi.

Chukueni mfano wa mkopo. Ujumbe unaingia: umekubaliwa milioni 2, riba nafuu, bila dhamana. Kinachohitajika ni shilingi 15,000 za fomu. Ukilipa, inadaiwa 45,000 ya bima ya mkopo. Ukilipa na hiyo, unaambiwa mfumo umekataa kwa sababu laini yako haina mzunguko wa kutosha, kwa hiyo tuma 120,000 za uthibitisho, zitarudi pamoja na mkopo. Hapo umeshatoa 180,000 na mkopo hujauona. Mtu mwenye akili timamu anafikaje huko? Ni kwa sababu zile 45,000 hakuzitoa kwa ajili ya mkopo. Alizitoa ili 15,000 za kwanza zisipotee. Na 120,000 alizitoa kuziokoa zile 60,000. Ndiyo maana tunasema pambano lote liko kwenye malipo ya kwanza. Ukishalipa mara moja, kinachokusukuma mbele si tamaa tena, ni uchungu wa kilichokwisha kutoka.

Anayekopesha kweli ana fedha, na hatari ya kutolipwa iko kwake. Gharama zake anazikata ndani ya mkopo siku anapoutoa, au anaziingiza kwenye marejesho. Ni kweli zipo taasisi zinazotoza ada ya maombi, na SACCOS zina kiingilio na hisa za kununua kabla ya kukopa. Lakini malipo hayo huingia kwenye akaunti yenye jina la taasisi, yameandikwa kwenye masharti kabla hujajiunga, na yana stakabadhi. Unapolipa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji hutokea. Lisome. Kama umeambiwa unalipa kampuni na jina lililotokea ni la mtu, ghairi hapo hapo. Utaambiwa huyo ni mhasibu, au ni wakala wa kanda. Kampuni yenye leseni ya kukopesha haishindwi kuwa na Lipa Namba yenye jina lake.

Sasa tumefika kwenye leseni, na hapa tunaomba utulivu, maana ndipo hata watu waelewa wanapoteleza. Ukimwuliza muuzaji kama amesajiliwa, atakutumia picha za nyaraka tatu: cheti cha BRELA, TIN kutoka TRA, na leseni ya biashara ya halmashauri. Zote tatu zinaweza kuwa halisi kabisa. Lakini tazameni kila moja inasema nini. Cheti cha BRELA kinasema kampuni yenye jina hilo ipo. TIN inasema mhusika anatambulika kwa ajili ya kodi. Leseni ya halmashauri inasema anaruhusiwa kufanya biashara iliyotajwa humo, na ukisoma vizuri unaweza kukuta iliyotajwa ni ushauri au matangazo. Hakuna hata moja inayosema anaruhusiwa kupokea akiba yako, kukukopesha, au kukuwekezea fedha zako.

Ruhusa hiyo inatoka kwingine. Kukopesha na kupokea amana ni Benki Kuu ya Tanzania. Hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Bima ni TIRA. SACCOS husimamiwa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mtu akikuonyesha nyaraka nyingi, usihesabu mihuri. Tafuta ipi kati yake imetoka kwa msimamizi wa kile hasa anachokuuzia.

Na hata leseni ya Benki Kuu ina mipaka yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma kwenye madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki za huduma ndogo za fedha, ambazo hupokea amana. Daraja la pili hukopesha lakini hawapokei amana za umma, na aplikesheni za mikopo zimo humo. Daraja la tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kwa hiyo aplikesheni ya mikopo ikianza kukuambia weka akiba kwetu upate faida kila wiki, hata kama leseni yake ya daraja la pili ni halali, hapo imetoka nje ya leseni hiyo. Huna haja ya kubishana nayo juu ya kiwango cha faida.

Kukagua hakuchukui dakika 10. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Andika mwenyewe bot.go.tz kwenye simu yako na utafute orodha ya taasisi zenye leseni. Tafuta jina la kampuni, si jina la aplikesheni, kwa sababu mara nyingi hayafanani. Jina la kampuni utalipata Play Store kwenye maelezo ya mtengenezaji, au kwenye sera ya faragha. Kama sera ya faragha haitaji kampuni yoyote, au inataja kampuni tofauti na ile iliyo kwenye mkataba wa mkopo, umeshapata jibu lako.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Watu wengi waliihifadhi orodha ile, na ni vizuri, ila wengine wanaitumia vibaya: wanaangalia kama jina limo, wakilikosa wanaona salama. Aplikesheni iliyofungwa inaweza kurudi na jina jipya na rangi mpya, na jina hilo jipya halitakuwemo kwenye orodha ya 2024. Kinachokulinda ni jina kuwemo kwenye orodha ya wenye leseni. Kutokuwemo kwenye orodha ya waliozuiwa hakuthibitishi chochote.

Tuingie kwenye hesabu ya mikopo yenyewe. Umeomba 100,000, zimeingia 70,000 kwa sababu 30,000 ni gharama ya huduma, na baada ya siku 7 unatakiwa kurudisha 100,000. Mkopaji anasema riba ni asilimia 30. Siyo. Ulichopewa ni 70,000, na juu yake unalipa 30,000. Hiyo ni karibu asilimia 43, tena kwa wiki moja. Ikifika siku ya saba huna, unaambiwa lipa 30,000 kuongeza wiki. Fanya hivyo wiki 4 na umelipa 120,000, ilhali deni la 100,000 bado limesimama pale pale. Kila mkopo wa simu upigieni hesabu ya namna hiyo: kilichoingia mkononi, kinachotoka, na siku ngapi. Hayo matatu yanatosha.

Kuna jambo la Play Store ambalo wengi hawalifahamu. Sera ya Google hairuhusu aplikesheni ya mikopo binafsi inayodai mkopo ulipwe wote ndani ya siku 60 au pungufu. Kwa hiyo maelezo ya pale dukani yatakuambia siku 91 hadi 365, na ukishajisajili ndani unakuta siku 7. Yakitofautiana hivyo, jua kwamba anayetaka kukukopesha ameshasema uongo mara moja kabla hajajua jina lako. Vilevile tangu mwishoni mwa Mei 2023 Google inakataza aplikesheni hizo kusoma orodha ya majina na picha zako. Aliyekutumia faili la APK, yaani aplikesheni isiyopitia Play Store, kwa WhatsApp ulipakie mwenyewe anakwepa ukaguzi huo, na anachokitaka ni ile orodha ya majina, ili siku ukichelewa awapigie mama mkwe, mwajiri na mchungaji. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa huko. Kenya, ambako sheria ya aina hiyo ni ya 2019, mamlaka yao Septemba 2023 iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Vijana, sasa ni zamu yenu: makundi ya VIP ya fedha za kigeni. Kinachouzwa humo kinaitwa ishara, yaani unaambiwa nunua hapa, uza pale, na unalipia kila mwezi. Swali la kwanza wanalouliza watu ni kama mwalimu anajua. Swali lenye faida ni analipwa na nani. Wapo wanaopata kamisheni kutoka kwa dalali wa nje kwa kila mtu wanayemwandikisha kwa kiungo chao, na kamisheni hiyo huongezeka kadiri mwanafunzi anavyofanya miamala mingi, apate au akose. Anayelipwa hivyo hana sababu ya kukuambia leo kaa, soko si zuri. Kwa hiyo kama sharti la kujiunga ni ufungue akaunti kwa kiungo chake, mwulize waziwazi anapata kiasi gani. Akikasirika, umejibiwa.

Ushahidi wa ishara zilizopatia nao una ujanja wake. Mtu mwenye namba 1,600 anaweza kuwatumia 800 ujumbe wa nunua na 800 ujumbe wa uza. Nusu moja itakuwa imepatia. Hiyo nusu anaigawa tena 400 kwa 400, kisha 200 kwa 200, kisha 100 kwa 100. Baada ya mara nne kuna watu 100 walioona kwa macho yao akipatia mara nne mfululizo bila kukosea. Hao ndio anaowauzia kozi. Watu hao 100 watamtetea kwa dhati kabisa, na hawasemi uongo. Hawajui tu kwamba wapo 1,500 waliokatiwa njiani.

Halafu kuna mkopo wa dalali. Wanakuambia kwa dola 50 unafanya biashara ya dola 25,000, mara 500. Maana yake ni kwamba bei ikienda kinyume chako kwa asilimia 0.2 tu, zile dola 50 zimekwisha. Mwendo wa asilimia 0.2 kwenye sarafu ni jambo la kawaida la siku moja. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye mikataba ya namna hiyo hupoteza fedha, ikaweka kikomo cha mara 30 kwa sarafu kubwa na kuwalazimisha madalali kuandika asilimia ya wanaopoteza kwenye matangazo yao. Yule anayekuuzia mara 500 anakuuzia kitu ambacho huko Ulaya mteja wa kawaida hauziwi.

Huduma zinazofuata ni za halali, ila zinakula taratibu: aplikesheni za bajeti na za mafunzo zenye malipo ya kila mwezi. Wiki moja ya majaribio ni bure, mradi uweke kadi. Wiki ikiisha wanakata. Dola 9.99 haitishi mtu. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, ni kama 25,000 kwa mwezi, takriban 300,000 kwa mwaka, na hapo hatujaweka kiwango cha kubadilisha fedha cha benki wala VAT, ambayo inahusu pia huduma za kidijiti kutoka nje. Kwa kikundi ambacho hisa ni 5,000, hizo ni hisa 60. Mwenye kuweka akiba 50,000 kwa mwezi anatoa nusu ya akiba yake kwa ajili ya kuambiwa aweke akiba.

Zaidi ya hayo, nyingi kati ya aplikesheni hizo za kigeni zilijengwa kusoma akaunti za benki za Marekani na Ulaya. Haziunganiki na M-Pesa wala benki zetu nyingi, kwa hiyo kila matumizi utayaandika kwa mkono. Kama ni kuandika kwa mkono, daftari la kurasa 96 linafanya kazi ile ile, na taarifa ya miamala ya miezi mitatu unaweza kuiomba kwa mtoa huduma wako wa simu au benki. Ukiamua kulipia, lipa kwa kadi ya mtandaoni unayoijaza kiasi kinachohitajika tu, ili siku ya kukatwa isipokuwa na kitu malipo yashindikane. Na jueni hili: kufuta aplikesheni kwenye simu hakukatishi usajili. Ingia Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, chagua malipo na usajili, kisha usajili, na ughairi humo. Kwa wenye iPhone ni kwenye mipangilio, jina lako, usajili. Nao waghairi angalau saa 24 kabla ya muda kwisha.

Ada ndogo za asilimia nazo zitazamwe kwa miaka, maana kwa mwezi hazionekani. Shilingi 1,000,000 zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 20 hufika takriban 6,727,000. Ada ikichukua asilimia 1 kila mwaka, ukuaji ukabaki 9, zinafika 5,604,000. Ikichukua 2, zinafika 4,661,000. Hizo asilimia 2 zimekula zaidi ya milioni 2 kwenye milioni moja uliyoweka. Hatusemi mifuko isitoze ada. Meneja anafanya kazi na anastahili malipo. Uliza ni asilimia ngapi kwa mwaka, kuna makato ya kuingia, kuna makato ya kutoka, na jibu uliombe kwa maandishi. Linganisha na wa jirani.

Ndugu zetu walio Kenya, na wenye jamaa huko, wanafahamu biashara ya kusafisha jina CRB, yaani kwenye ofisi za kumbukumbu za wakopaji. Zenye leseni huko ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na mkopaji ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Huku kwetu nako kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza kumbukumbu hizo. Hakuna mtu wa mtandaoni anayeweza kufuta deni la kweli. Kumbukumbu hubadilika kwa njia mbili: umelipa na mkopeshaji akapeleka taarifa mpya, au taarifa ilikuwa na kosa, ukaipinga kwa vielelezo. Zote mbili unazifanya mwenyewe. Anayekutoza kwa kukufanyia anachukua kitambulisho chako na fedha zako kwa kazi ya kuandika barua moja, kama ataiandika.

Yapo ya kulipia bila kinyongo. Mhasibu mwenye usajili, siku biashara yako imekua na hesabu za kodi zimekuzidi. Mwanasheria wa kusoma mkataba wa mkopo unaowekea nyumba dhamana. Dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambaye kamisheni yake imeandikwa kwenye hati ya kila muamala. Hawa wote wana sura moja: unamjua aliyewapa ruhusa, unajua bei kabla ya kazi, na akikosea una pa kumshtaki.

Kwa aliyekwisha kulipa, muda ni dakika, si siku. Piga 100 kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe. Fedha ikiwa bado ipo kwenye laini ya mpokeaji kuna nafasi, akishaitoa kwa wakala nafasi hiyo imekwisha. Usifute ujumbe wowote, hata kama unakutia aibu. Namba ya kumbukumbu ya muamala imo humo. Piga picha za skrini za mazungumzo, nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Tuma namba ya tapeli na ujumbe wake kwenda 15040 ya TCRA. Badilisha namba ya siri. Kisha subirini simu ya pili, kwa sababu huja: mtu mwingine, sauti nyingine, anasema ni wa kitengo cha kurejesha fedha, na fedha zako zimepatikana, bado kodi tu ya kuzitoa. Kodi na tozo za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, si kwa namba ya simu ya mtu. Na mtandao wako ukikupigia, hupiga kwa namba 100. Huyo wa pili mara nyingi ni yule yule wa kwanza, au amenunua orodha ya waliowahi kulipa.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya maswali tunaomba kila mwenye simu aitoe mfukoni. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mwenye laini asiyoitambua aandike namba yake kwenye karatasi, tutaonyeshana namna ya kuifuta kabla mtu hajaitumia kukopa au kutapeli kwa jina lako. Mkimaliza hapo, wenye simu za mguso mfungue Play Store, kwenye usajili, msome kwa sauti mnachokatwa kila mwezi. Tuanzie safu ya mbele.